Sahihi Yangu Hawataipata

Rafiki yangu Arap Mosonik,

Jana nilikasirika mbele ya watu. Kwa kawaida hasira yangu ilipita kwako kwanza, ukaipoza, ndipo nikaenda mkutanoni nikiwa mtu wa maana. Jana hukuwepo wa kunivuta koti. Nikasimama, nikasema yote, na leo nimeona nikuandikie kabla hawajakufikishia habari kwa njia yao.

Ni wiki ya saba tangu tukulaze kule Kiptere. Nyasi hazijashika vizuri juu yako kwa sababu mvua ya mawe imepiga mara mbili. Mkeo Mama Chebet yuko salama, ila anasema nyumba imekuwa kubwa ghafla. Yule ng'ombe wako mweusi amezaa ndama jike, na nduguzo tayari wanabishana ni wa nani. Hayo ni ya kawaida, usiyahangaikie.

Lisilo la kawaida ni hili: wanataka kuligawa kanisa. Wanataka kujenga ukuta wa mawe katikati, nusu iwe ya dhehebu lenu na nusu iwe ya letu, na hawawezi kuujenga mpaka mimi nitie sahihi. Wameniletea karatasi. Sikutia. Sitatia.

Niache nieleze tangu mwanzo. Nakusikia ukisema, "Haya, Mwalimu ameanza." Lakini umekosa wiki saba, na mtu aliyesimama mbele ya darasa la nne miaka yote ile hawezi kuanza habari katikati.

Jumapili ya kwanza baada ya mazishi, mimi nilikuwa bado kwako Kiptere, nimeketi na nduguzo. Huku mjini Kericho watu wenu walisali saa mbili kama siku zote, mabenchi yakitazama mimbari kwenye ule ukuta mrefu, mnavyopenda nyinyi, ili kila mtu awe karibu na mhubiri. Wakamaliza, wakatoka. Saa nne na nusu watu wetu wakaingia, wakitarajia kukuta mabenchi yametazama meza ya Bwana upande wa mashariki, tunavyopenda sisi. Wakakuta yangali yametazama mimbari. Unajua walifanya nini? Walikaa. Watu wazima, wenye akili zao, walikaa vile vile walivyoyakuta. Kasisi wetu akasoma ibada yote pale mezani huku kanisa zima limempa ubavu. Mama Wanjiru wangu aliniambia, "Leo kasisi amehubiria masikio ya upande mmoja. Hayo mengine yamerudi nyumbani bila neno."

Nilicheka sana, Arap Mosonik. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu nilielewa. Katika miaka yote ile hakuna mtu hata mmoja aliyejua mabenchi hugeuka namna gani. Watu wenu walidhani ni kazi yetu. Watu wetu walidhani ni kazi yenu. Wengine, nadhani, hawakuwa wamewahi kuwaza kabisa, kama vile mtu asivyowaza nani huwasha jua.

Walikuwa ni wazee wawili tu. Wewe mwisho huu wa benchi, mimi mwisho ule. Mabenchi kumi na nane ya mti wa podo, uliyoyachonga mwenyewe, marefu na mazito kama dhambi. "Shika upande yako, Mwalimu. Usivute. Inua." Tukigeuza baada ya ibada yenu, tukirudisha baada ya yetu. Na tusidanganyane, hatukukosa wa kutusaidia. Vijana walikuja mara nyingi, ukawafukuza: "Endeni mkunywe chai, hii ni kazi ya wazee." Nami nilikubaliana nawe, maana ile nusu saa ilikuwa yetu peke yetu katika wiki nzima. Pale ndipo tulipozungumza habari za ng'ombe, za posa ya binti yangu, za goti lako. Pale ndipo uliponiambia kwamba sisi tunanyunyizia watoto wachanga maji kama mtu anayenyunyizia mboga, nami nikakujibu kwamba nyinyi mnapeleka watu wazima joshoni kama ng'ombe wenye kupe. Tulikuwa tumefika benchi la tisa. Ulicheka mpaka ukaliachia upande wako, likaniangukia kidole cha mguu, na kwa majuma mawili ukaniita mfia dini.

Hapo ndipo tulipokosea. Nakuambia wazi, maana hata ulipokuwa hai tuliambiana wazi. Tulilifanya kanisa likae juu ya migongo miwili ya wazee, na hatukumfundisha mtu. Tulilificha jambo zuri kwa sababu lilikuwa tamu.

Basi, viongozi wetu waliona aibu kwa ile Jumapili. Kasisi wetu huyu amekuja mwaka huu, hajawahi kuona kanisa la namna hii. Mchungaji wenu naye mpya. Wakakutana, wakanywa chai, wakasema hii ni fujo, kila kundi likae mahali pake. Miaka yote tuliomba viongozi wa pande mbili wakubaliane walau neno moja. Wamekubaliana. Neno lenyewe ni ukuta.

Nikueleze ukuta wao. Utasimama katikati, kutoka sakafuni mpaka kwenye mabati. Sisi tuchukue mashariki penye meza, nyinyi mchukue magharibi penye mlango. Sisi tutavunja dirisha tutengeneze mlango wetu. Mimbari yenu ihamishwe. Mabenchi yakatwe, kwa kuwa hayataenea, kisha yafungwe sakafuni kwa bolti yasigeuke tena. Fundi alikwisha kuja na kipimo, akapiga mstari wa chaki toka ukuta huu mpaka ule. Nilipomuuliza kama anajua ni nani aliyeyachonga mabenchi hayo, alisema hajui, ila ni kazi nzuri, na ni huzuni kuyatia msumeno. Fundi, mtu wa mshahara, alikuwa na huzuni. Wenye kanzu na tai hawakuwa nayo.

Na hesabu yao ni mbovu, hata mtoto wa darasa la pili angeiona. Kundi lenu peke yake hujaza jengo zima siku watu wa mashamba ya chai wanapopata nafasi ya kuja. Letu vile vile. Lakini hatuji wakati mmoja. Jengo moja linatutosha sote kwa sababu tunapokezana. Likigawanywa, hakuna atakayetosha. Wale wanawake wanaotembea kutoka kwenye nyumba za mashamba, miguu imelowa umande wa chai, ndio watakaosikilizia nje mvua ikiwapiga. Hayo ndiyo niliyotaka kuwaeleza jana, kwa utaratibu, bila hasira.

Sasa, kwa nini sahihi yangu? Kwa sababu ya ujinga wetu, rafiki yangu. Unakumbuka siku ile ofisini kwa DC. Serikali ilikuwa imetoa kiwanja kimoja tu cha kanisa kwa Waafrika, na yule bwana mkubwa hakujali nani ananyunyiziwa na nani anazamishwa. Kwake Protestanti ni Protestanti. Karani akachovya kalamu, akauliza, "Wenye kanisa ni nani?" Ukanitazama. Nikakutazama. Hapakuwa na mtu mwingine chumbani. Tukataja majina yetu! Mimi, mtu wa kusoma na kuandika, niliyekuwa nikiwachapa watoto kwa kutosikiliza swali vizuri. Karani akaandika sisi wawili, na mmoja akifa, atakayebaki. Tulipokuja kuonyesha karatasi, wazee wenu walitaka kukutenga, na askofu wetu aliniandikia barua ambayo sitaki kuikumbuka. Na watu! Miaka mingapi wametucheka? Hata sokoni Sosiot, mtu akiuza kuku, anakusalimu kwa kelele, "Chamgei, mwenye kanisa! Leo umefunga duka la Mungu?"

Hawacheki tena. Leo mwenye kanisa ni mmoja, na ndiye mimi, na hawawezi kuniondoa kwa kura.

Mkutano ulikuwa jana mchana, kanisani humo humo, kasisi na mchungaji mbele, wazee wa pande zote mbili wakiwafuata. Akina mama walikuwa wameleta chai, na Mama Chebet ndiye aliyeshika birika. Karatasi ilikuwa tayari mezani na kalamu juu yake, kama mtego wa panya wenye nyama. Kasisi akasema kwa upole, "Mwalimu, ni utaratibu tu." Nikauliza habari ya wale wa kusimama kwenye mvua. Akasema mambo hayo yatashughulikiwa. Nikauliza na nani. Mchungaji wenu akasema tusirefushe. Nikauliza kama kuna mtu yeyote aliyewahi kujaribu kugeuza benchi moja kabla ya kuamua kwamba haiwezekani.

Ndipo mzee mmoja wa upande wenu, sitamtaja, maana ulikuwa ukimpenda, akasema, "Wewe ni mtu ya Kiambu. Hii ni mambo ya wenyeji. Sisi tunakuheshimu, lakini kaa chini." Na kasisi wangu mwenyewe akaniinamia sikioni, akasema kwamba wakati huu si mzuri kwa mtu wa kabila langu kuitwa mkaidi, kwamba kule ofisini bado wanapokea majina ya watu wa kukamatwa.

Unajua maneno hayo yalinipeleka wapi. Yalinipeleka mwanzo wa Hali ya Hatari, walipotukusanya Wagikuyu wa mjini kutuhoji, nami nikakaa ndani ya ile seng'enge majuma matatu, mwalimu mzima nikihesabiwa kama kondoo asubuhi na jioni. Hukunieleza kamwe ulichofanya. Niliambiwa na askari aliyenifungulia. Alisema kulikuwa na mzee wa Kikipsigis aliyekuja langoni kila siku, kofia mkononi. Alipoulizwa anataka nini, hakusema mimi ni mtu mwema, hakusema mimi ni Mkristo. Alisema, "Natafuta mtu ya kushika upande ingine ya benchi." Walicheka. Wakakufukuza. Kesho yake ukarudi na neno lile lile. Mpaka bwana mkubwa akatoka nje kuuliza ni benchi gani hilo. Na nilipofika kanisani Jumapili iliyofuata, umekonda, bega limevimba kwa kugeuza peke yako Jumapili tatu, uliniambia maneno matatu tu. "Benchi nzito, Mwalimu."

Sasa mtu aniambie nikae chini.

Nilisimama. Niliwaambia kwamba nimeishi Kericho kuliko nilivyoishi Kiambu, kwamba watoto wangu wawili wamelala kwenye makaburi ya mji huu, na kwamba wakitaka kupeleka jina langu ofisini walipeleke, herufi zake nitawatajia mimi mwenyewe wasije wakakosea. Niliwaambia kwamba wamesomea neno la Mungu miaka mingi na hawajui kuinua benchi. Nilisema na mengine. Mwisho nikalitaja jina lako, na hapo nadhani walifikiri nimekwisha.

Ndipo Mama Chebet alipoliweka birika chini. Hukuwahi kuniambia kwamba mke wako anaweza kuongea hivyo, au labda ulijua na ukanyamaza kwa usalama wako. Alisema, "Huyu munaita mgeni, alikaa kwangu siku nane. Alichota maji. Alikamua ng'ombe vibaya, lakini alikamua. Nyinyi wenyeji mulikuja siku moja, mukakula, mukaenda. Sasa nani ni mgeni?" Mchungaji wenu alikoroga chai yake muda mrefu sana, na haikuwa na sukari.

Mkutano ukavunjika. Kasisi akaniambia mlangoni kwamba mpaka nitakapotia sahihi, nisije mezani pa Bwana. Nilimwambia nimesikia.

Leo asubuhi, ibada yenu ilipokwisha, niliingia nikijua nitaburuta mabenchi peke yangu kama punda, kama kila Jumapili tangu nirudi kutoka kwako. Nikamkuta Mama Chebet amejifunga leso kiunoni, anazunguka benchi la kwanza kama mtu anayekagua ng'ombe wa kununua. "Upande ya bwana yangu ni gani?" Nikamwonyesha. Tukainua. Arap Mosonik, nisamehe, lakini anainua vizuri kuliko wewe. Tulipolitua alijipangusa mikono akasema, "Kumbe ni hii tu mulikuwa munaringa nayo miaka yote?"

Safari hii sikumfukuza mtu. Nilikwenda mlangoni nikaita, "Ingieni mshike." Wengi walibaki wamekunja mikono, wakimtazama kasisi, na kasisi akitazama saa yake. Wakaingia wawili. Mmoja ni mchuma chai wa kanisa lenu, mwanamke mrefu ambaye sijui hata jina lake, na mmoja wa kwetu, yule fundi cherehani wa karibu na posta. Nikawafundisha kama nilivyofundishwa, wasivute, wainue. Fundi cherehani akauliza kwa nini hatukusema mapema. Nikampa benchi lililofuata ashike. Tulichelewa, na mabenchi matatu hatukuyawahi. Watu walikaa juu yake wakitazama walikotazama, ibada ikaanza.

Kesho asubuhi tunakwenda ofisini, Mama Chebet na mimi. Nitaomba jina lake liandikwe mahali pa lako, na hao wawili wa leo waongezwe, wakikubali. Mchuma chai amekwisha kukubali. Fundi cherehani anaogopa, na simlaumu, naye ni Mgikuyu, anajua seng'enge. Sijui kama karani atakubali. Wakikataa nitarudi Jumanne. Nilikuwa na mwalimu mzuri wa kusimama langoni.

Na kama watanichukua kwa hilo, basi wanichukue. Nina miaka ya kutosha. Sitajificha, wala sitanyamaza ili nionekane mtu mwema. Nimegundua kwamba wakikuita mtu mwema mara nyingi wana maana kwamba hujawasumbua.

Jambo la mwisho, halafu nikuache. Wakati wa kwenda mezani ulipofika leo, watu walisimama benchi kwa benchi, wakatoka. Zamu ya benchi letu ikafika. Nilibaki nimekaa, kama nilivyoagizwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilikuwa nimeamua kukaa wima, mikono juu ya magoti, macho mbele, watu wote wanione kwamba sioni aibu. Sikuwa nimejiandaa kwa Mama Wanjiru. Unamjua. Hajawahi kumpinga kasisi yeyote, hata yule aliyemwita Martha kwa miaka minne wakati jina lake ni Miriamu. Watu walipita mbele ya magoti yake, mmoja akamgusa bega ili ainuke. Hakuinuka. Alilishika fundo la kitambaa chake, akakaa. Nikamnong'oneza, "Nenda, wewe hukukatazwa." Akasema, kwa sauti ya kawaida, mpaka kasisi akasikia na kikombe mkononi, "Nitakula siku utakayokula."

Mvua imeanza, inapiga mabati, na wino wangu unakaribia kwisha. Pumzika, chorwenyun, rafiki yangu wa kweli. Nakuahidi kwa mkono huu unaoandika kwamba sitauandikia ukuta ule jina langu, si mwaka huu, si nikiwa mgonjwa, si nikiwa nimelala na wao wamenizunguka wakiniombea na karatasi mfukoni. Nimemwambia na Mama Wanjiru, siku hiyo ikifika, aninyang'anye kalamu. Ameniambia hatangoja siku hiyo, na ameanza kuiweka jikoni.

Wako,
Mwalimu